Kibali Kina Mwenyewe

Kila kibali cha kazi kilichopita mikononi mwangu kilikuwa na majina mawili: la mfanyakazi na la aliyemwombea. Nilikuwa nikiwaandalia wageni makaratasi mjini Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, katika miaka ya pilikapilika za gesi, na haikunichukua muda kujua ni jina lipi linalofungua milango. Fundi aweza kuwa na vyeti vya kujaza begi. Jina la pili likikosekana, faili lake haliondoki mezani. Jina hilo likiwa zito, kibali hutangulia kufika kabla mwenyewe hajapanda ndege.

Ilinichukua muda mrefu zaidi kulizoea jambo hilo, maana mimi ni mtoto wa Pundanhar. Ni posto ya utawala ya wilaya ya Palma, bara kidogo kutoka pwani, kwenye barabara ya mchanga iendayo Nangade, na kaskazini yake ni mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Tanzania. Kwetu Kimakwe ni cha nyumbani, Kimakonde ni cha majirani, Kiswahili ni cha sokoni, na Kireno ni cha ofisini. Watu hulima mpunga mabondeni, ufuta na muhogo juu ya mchanga, na korosho zikikomaa kila nyumba ina kazi. Khanga, sabuni na soda zilitoka Mtwara, na dukani ulilipa kwa metikali au kwa shilingi, kutegemea umevuna upande gani. Mpunga ulipoiva wanawake wa ng'ambo walikuja kutusaidia kuvuna, wakalipwa kwa mpunga wenyewe. Wa kwao ulipoiva, mama zetu walivuka. Hakuna aliyeuliza kibali, kwa sababu hakuna aliyedhani kuvuna kwa jirani ni ajira.

Mto wenyewe ulifanywa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipogawana. Watu wa kando yake walianza mapema kuutumia mgawanyo huo kwa faida yao. Upande wa Msumbiji ulitawaliwa na Kampuni ya Niassa hadi mwaka 1929, na baada yake ukaja utawala wa Lisbon wenyewe, pamoja na kodi ya kichwa, kilimo cha pamba cha lazima, na kazi ya shuruti ambayo wazee wetu waliiita shibalo. Aliyechoka alivuka. Ng'ambo kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, na vijana wa Kimakonde na wa Kimakwe waliyajaza kwa maelfu, wengine wakiwa manamba walioandikishwa kwa mkataba, wengine wakifika kwa miguu yao.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisimulia habari za kipande, kadi yenye nafasi 30, nafasi moja kwa kila siku ya kazi. Ukimaliza kata yako ya mkonge, nyapara anatia alama. Usipoimaliza hata kwa mashina machache, siku ile haihesabiki. Nafasi zote 30 zikijaa ndipo unalipwa. Babu alisema kipande kilikuwa na faida moja kubwa: askari akikukuta barabarani unamwonyesha, naye anajua una tajiri. Asiye na tajiri alikuwa mzururaji. Nilipokuwa mdogo niliyasikia hayo kama habari za zamani zisizonihusu.

Mimi nilisomea Mtwara kwa shangazi, ambaye hakurudi tangu vita vya ukombozi wa Msumbiji, kisha nikarudi kumalizia shule kwa Kireno. Lugha hizo mbili, pamoja na Kiingereza cha kuungaunga, ndizo zilizonipa kazi. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini mwaka 2010. Mwaka 2019 kampuni ya Anadarko ikaamua rasmi kujenga mtambo wa kusindika gesi katika rasi ya Afungi, kusini kidogo ya mji wa Palma, na mwaka huohuo Total ya Ufaransa ikanunua hisa zake. Mradi wa dola bilioni 20 ulishuka juu ya mji mdogo wa wavuvi. Wakaja wajenzi wa kambi, wapishi, walinzi, madereva wa kreni, wapima ardhi, na nyuma yao wauza simu, washona nguo na wenye magenge ya chipsi. Ofisi niliyofanyia kazi ilikuwa chumba kimoja, feni moja na kabati la chuma. Bosi wangu alikuwa wakala wa makaratasi; kazi yake ilikuwa kusimama kati ya makampuni na serikali.

Faili la kibali lina mwili wake. Juu kabisa huwekwa barua ya maombi, kwa Kireno chenye heshima ndefu. Chini yake nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na nothari, muhuri ukipita nusu juu ya saini. Kisha nakala za mkataba, vyeti vya elimu au vya ufundi, uthibitisho kwamba kampuni haidaiwi kodi, na mwingine kwamba haidaiwi michango ya hifadhi ya jamii. Likipita Idara ya Kazi, ndipo watu wa uhamiaji wanaingia, na mwisho wa safari mgeni anapewa DIRE, kitambulisho cha ukaazi chenye picha yake. Nilijifunza kuutambua muhuri mkavu kwa kuupitishia kidole, na kujua kwamba herufi moja ya jina iliyopishana kati ya cheti na pasipoti inatosha kulirudisha faili lote kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa.

Hata hivyo, si kila faili lilipitia njia hiyo ndefu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 iliweka mgao. Kampuni kubwa, yenye wafanyakazi zaidi ya 100, iliruhusiwa wageni asilimia 5, ya kati asilimia 8, na ndogo asilimia 10. Ndani ya mgao, mwajiri hutoa taarifa tu kwamba amemwajiri fulani. Nje ya mgao, anaomba idhini na kueleza kwa nini raia hakupatikana. Sheria mpya ya mwaka 2023 imeendeleza mtindo huo, ikawafungulia kidogo wenye biashara ndogo kabisa kwa kuwapa asilimia 15.

Nilipozidi kuyapanga mafaili niliona sheria inavyozitazama sekta. Kwa kazi za muda mfupi, amri ya mwaka 2016 inampa mgeni siku 90 kwa mwaka. Mafuta, gesi na madini vina amri yao ya mwaka 2011, na humo siku ni 180. Miradi ya gesi ya Bonde la Ruvuma ikatungiwa sheria yake mahususi mwaka 2014, yenye mambo mengi, ajira za wageni zikiwamo. Ukiwa na mtambo ambao kila siku ya kuchelewa inagharimu fedha nyingi, serikali itakutafutia njia ya mkato. Shamba la mpunga nalo haliwezi kungoja, mvua ikinyesha juu ya masuke yaliyokomaa hasara ni ya mwaka mzima; ila mpunga haujawahi kutuma wakili Maputo.

Alikuwepo fundi cherehani kutoka Mtwara, mtu mzima, kibarazani karibu na soko. Ovaroli za makandarasi zilifika zikiwa kubwa, na mafundi wa kigeni walimpelekea apunguze miguu na mikono. Wageni wenye DIRE mfukoni walivalishwa na mgeni asiyekuwa nayo. Alivuka kihalali kwenye kituo cha mpaka cha Namoto kama mtembezi, siku zake zikikaribia kwisha alirudi kwao, akaja tena. Siku moja aliingia ofisini akiwa amekunja karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, nitengenezee na mimi hicho kibali. Nimechoka kuwa mtembezi."

"Shikamoo fundi. Nani anakuajiri?"

"Marahaba. Anayeniajiri ni mguu huu," akasema, akaunyanyua ule uliozoea pedali.

"Fomu inataka jina la mwajiri na namba yake ya kodi."

"Basi andika mguu. Namba yake arobaini na mbili, ya kiatu."

Tulicheka, lakini sikuwa na pa kumpeleka. Njia ya mfanyabiashara ilimtaka leseni, mtaji na hesabu za kodi ambazo cherehani moja haizibebi. Njia ya mwajiriwa ilimtaka tajiri. Mkandarasi aliyenufaika na kazi yake asingemwandika, kwa sababu kumwandika kungemlia nafasi moja ya mgao, na nafasi zile ziliwekewa waendesha kreni. Akarudi kibarazani.

Nimezitazama baadaye sheria za majirani, nikakuta milango ni mingi lakini vizingiti vinafanana. Kenya imevipanga vibali kwa herufi: A ni uchimbaji madini, B kilimo na ufugaji, C taaluma maalumu, D ajira, F viwanda, G biashara, I kazi za dini. Ukitaka G ya biashara, uonyeshe mtaji wa dola 100,000. Tanzania ilitunga sheria yake ya ajira za wageni mwaka 2015, ikaweka madaraja yake. Daraja B ni la madaktari na wahudumu wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati, na kwa kanuni za mwaka 2016 ada yake ilikuwa dola 500. Taaluma nyinginezo ziko daraja C, ambalo ada yake wakati huo ilikuwa dola 1,000. Mwaka 2025 Tanzania ikaongeza amri inayowazuia wageni kufanya biashara kadhaa, zikiwamo kutengeneza simu, saluni na uwakala wa fedha kwa simu. Kila nchi inajua inachokitaka kwa mgeni, daktari na mwenye mtaji, na kila moja ina haki ya kulinda riziki ya wananchi wake. Lakini mvunaji wa msimu na mshona nguo wa mpakani hawamo katika herufi yoyote. Kwa kuwa hawamo, wanakuwa wahalifu kwa kazi ileile ambayo bibi zao waliifanya mchana kweupe.

Ulinzi huo wa wananchi nao nimeuona unavyokwama. Binamu yangu wa Pundanhar alijifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi cha VETA, Mtwara, kwa sababu Mtwara ilikuwa karibu kuliko Pemba na shangazi alikuwepo. Makandarasi walipotafuta mafundi wa kuchomelea akaenda na cheti chake. Akaambiwa cheti ni cha nje. Kinahitaji tafsiri rasmi ya Kireno na hati ya ulinganisho wa elimu, na hayo yote hayapatikani Palma. Wakati yeye akitafuta nauli, mezani kwangu palikuwa na faili la fundi wa kuchomelea kutoka nchi ya mbali, lenye sentensi ya kawaida kwamba hakupatikana raia mwenye sifa. Kwa makaratasi ilikuwa kweli tupu. Kijana mwenye kitambulisho cha taifa cha Msumbiji, aliyezaliwa ndani ya wilaya yenyewe, alihesabiwa hana ufundi kwa kuwa aliupata ng'ambo ya mto. Aliishia kubeba mawe ya msingi kama kibarua. Tangu hapo, nikisikia mtu anasifu mgao wa asilimia, huuliza kwanza vyeti vya wenyeji vinatambuliwa wapi.

Mwaka 2017 mapema, huko Montepuez kusini ya mkoa, polisi waliwaondoa wachimbaji wadogo katika maeneo ya rubi. Watanzania walikuwa wengi miongoni mwa waliokamatwa na kufukuzwa, na wengine walivushwa hadi Mtwara wakiwa hawana kitu. Wachimbaji wale walikosa leseni, hilo halina ubishi. Lakini katika mkoa huohuo, mwaka huohuo, mgeni aliyekuja kuchimba chini ya kampuni alikuwa na amri ya mwaka 2011 ya kumlinda, pamoja na siku zake 180. Kinachotofautisha mtaalamu na mvamizi ni nani aliyetangulia kumwandikia barua.

Jina la pili nalo lina udhaifu: likiondoka, linaondoka na kila kitu. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa na wapiganaji ambao walikuwa wakiutesa mkoa tangu Oktoba 2017, walipoanzia Mocímboa da Praia. Watu wa Pundanhar walikuwa wamekwisha kutawanyika kabla ya hapo, kila jamaa na njia yake, Nangade, Mueda, wengine Palma kwenyewe, wakakimbia mara ya pili. Aprili 26 Total ikatangaza kwamba imezuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, mradi ukasimama. Wageni wenye waajiri wakubwa walirudishwa makwao. Vibali vyao vikabaki kabatini, tarehe hazijafika, lakini vimekwisha kufa, kwa kuwa mkataba ukifa kibali kinakufa nao. Wasaidizi wa jikoni na walinzi wa kienyeji waliambiwa wasubiri, wakasubiri bila mshahara. Waliokimbilia Ruvuma kuomba hifadhi Tanzania, wengi walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika waziwazi mwaka ule. Tanzania nayo ilikuwa na jeraha bichi: Kitaya, kijiji chake cha kando ya mto, kilikuwa kimeshambuliwa Oktoba 2020.

Ukitaka kuona mfanyakazi anabaki nani tajiri akifa kabisa, nenda Kwale, pwani ya Kenya. Wamakonde walitoka huku kwetu tangu miaka ya 1930 kwenda kufanya kazi kwenye mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wao na watoto wao walibaki palepale, bila kiwanda, bila kitambulisho, bila nchi. Mtoto aliyezaliwa Kwale hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa rasmi. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe uraia. Mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Ilichukua vizazi vitatu kurekebisha kosa la kumleta mtu kama nguvu kazi na kusahau kwamba atazaa.

Kutokana na hayo nina mambo matatu ya kusema, nayasema kama mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha la ofisi.

La kwanza ni la wafanyakazi. Kijana anayepewa kazi nje ya nchi, iwe Palma, Nairobi au Muscat, aulize kabla ya kutia saini: kibali kitakuwa mkononi mwa nani, nikiachishwa kazi nina siku ngapi, na nikipata mwajiri mwingine naruhusiwa kuhama? Ndugu zetu walioko Ghuba wanaujua vizuri uzito wa kafili, mdhamini anayeshika pasipoti. Tofauti ya kafili na mwajiri wa huku ni ya kiasi tu, ikiwa ruhusa yako ya kukaa nchini imefungwa kwenye mkataba wa mtu mmoja. Sheria ingempa mfanyakazi miezi michache ya kutafuta kazi nyingine baada ya mkataba kuvunjika, unyonge mwingi ungekwisha.

La pili ni la vyeti. Mtwara na Cabo Delgado huwa na vikao vya ujirani mwema, na huko huzungumzwa usalama, mifugo na magendo. Waongeze ajenda moja: orodha ya fani ambazo cheti cha VETA kitatambuliwa Palma bila mzunguko wa Maputo, na cha Msumbiji kitatambuliwa Mtwara. Kuchomelea, umeme wa majumbani, udereva wa mitambo, upishi. Hapo ndipo mgao wa asilimia utamlinda mwenyeji aliye hai, si mwenyeji wa kwenye takwimu.

La tatu ni kibali cha msimu kwa watu wa mtoni. Kitolewe na posto ya Pundanhar upande huu na kata upande wa pili, kwa ada ya kumudu, kwa miezi ya mpunga na ya ufuta, bila kudai jina la tajiri. Adhaminiwe na kijiji anachotoka na kijiji anachokwenda. Nimewaambia hivi maofisa wawili watatu, wakanijibu kwamba hali ya usalama hairuhusu. Naiheshimu hofu yao. Kwetu hakuna nyumba isiyo na msiba. Lakini aliyeandikwa anajulikana, na anayevuka usiku kwa mtumbwi kwa sababu mchana hana karatasi hajulikani. Mwenye kibali cha msimu ana jina, ana picha, ana mzee wa kijiji anayemdhamini. Askari hawezi kupata taarifa bora kuliko hiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Palma tuliwaona wageni wengi wakija kabla ya wenyeji kupona. Mwishoni mwa mwaka 2025 TotalEnergies, jina jipya la Total, ilitangaza kuondoa zuio lake ili kazi zianze tena Afungi. Mafaili yataanza kupangwa, vyeti vya wachomeleaji vitasafiri kutoka mabara mengine, na mihuri itapigwa kwa haraka inayostahili mtambo wa mabilioni. Nawatakia heri. Mabonde ya mpunga ya Ruvuma hayana kampuni ya kuyaandikia barua, kwa hiyo jina la pili itabidi liwe la wilaya zenyewe, za pande zote mbili, ambazo ndizo zinazokula wali wake.